Jipsamu ya ukutani: Hesabu kwanza, gundi baadaye

BODI za jasi, ambazo mafundi wengi nchini Tanzania huziita jipsamu, zimezoeleka zaidi darini. Hata hivyo, bodi hizo zinaweza pia kubandikwa ukutani kwa gundi badala ya kupiga lipu ya simenti, njia inayotumika sana Uingereza.

Kwa mwenye nyumba ya kupangisha, kivutio kikubwa ni muda. Lipu ya simenti humwagiliwa maji na kusubiriwa kwa siku kadhaa, wakati bodi iliyobandikwa leo inaweza kuzibwa maungio kesho. Malighafi yenyewe huchimbwa nchini, ikiwa ni pamoja na Makanya wilayani Same na Itigi mkoani Singida. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuzuia uagizaji wa jasi kutoka nje.

Pamoja na hayo, anayeanza anaweza kupoteza mtaji wake kwa kukosea hesabu. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.4. Kuta zake ni mita za mraba 33.6. Ukitoa mlango mmoja na dirisha moja, zinabaki kama 30. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 hufunika mita za mraba 2.88, hivyo zinahitajika bodi 11, na moja ya ziada kwa ajili ya vipande vinavyoharibika. Mfuko wa gundi wa kilo 25 hutosha takriban mita 5 za mraba, yaani mifuko 6. Mwenye busara hununua 7.

Muuza duka naye ana lake la kujifunza hapo: kila bodi mbili huenda na mfuko mmoja wa gundi au zaidi kidogo. Anayejaza bodi na kusahau gundi humpeleka mteja wake kwa jirani.

Kazi yenyewe huanza kwa kukagua ukuta. Vumbi, mafuta na rangi inayobambuka huondolewa, kwani gundi hushika kile inachokigusa kwanza. Kisha mstari wa kamba ya chaki hupigwa sakafuni na darini ili bodi zote zisimame sawa.

Bodi hukatwa ikiwa fupi kwa milimita 15 hivi kuliko kimo cha chumba. Gundi huwekwa ukutani kwa mabonge katika safu za wima, na kuzungushwa mfululizo kwenye kingo, milangoni na madirishani. Bodi huegemezwa, hunyanyuliwa kwa kabari hadi iguse dari, kisha hugongwa taratibu kwa rula ndefu huku ikipimwa kwa pima maji.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kukoroga gundi nyingi kwa pupa. Gundi ikishaanza kuganda, kuiongezea maji ni kuiua. Inafaa kukoroga ya bodi moja au mbili tu.

Adui mkubwa ni unyevu. Ukuta unaopandisha maji kutoka kwenye msingi, au unaovuja mvua, usifunikwe kabla ya kutibiwa. Karatasi ya bodi itaota ukungu, jasi italainika, na mpangaji atahama. Kwa nyumba za mwambao, ambako chumvi na unyevu hupenya kuta za zamani, tahadhari hii ina uzito zaidi. Kabati za jikoni na vitu vingine vizito navyo vifungwe kwa skrubu ndefu zinazofika kwenye tofali.

Dukani, mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na sakafu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, kwani gundi ya jasi huharibika ikikaa muda mrefu. Bodi zilazwe pahali tambarare.

Kwa mwekezaji mdogo, njia salama ni kuanza na ukuta mmoja mkavu, kuandika gharama zote pamoja na ujira wa fundi, kisha kulinganisha na lipu ya ukuta wa ukubwa huo huo. Tofauti ya gharama na ya siku ndiyo itakayoamua kama vyumba vilivyobaki vifuate.