Swichi ya Usukani wa Pikipiki

Swichi ya usukani hupitisha umeme au kuukata, na wakati huohuo inatakiwa kubaki mahali pake juu ya bomba la chuma linalotikisika mchana kutwa. Hilo la pili halifikiriwi sana, ilhali hitilafu nyingi zinazolaumiwa kuwa za umeme huanzia kwenye klampu iliyolegea, rangi inayozuia chuma kugusana au waya uliofungwa bila nafasi.

Kwenye pikipiki za Uingereza za miaka ya 1930 hadi 1950, kama BSA, Norton, Triumph na Royal Enfield, swichi za usukani zilikuwa chache: kwa kawaida kitufe cha honi na swichi ya kupunguza taa kali. Swichi kuu ya taa kwa kawaida ilikaa mbali na vidole, mara nyingi nyuma ya taa kubwa ya mbele. Vifaa vingi vilitoka kampuni ya Lucas ya Birmingham, ambayo waendeshaji waliochoka kusukuma pikipiki usiku waliibandika jina la Mkuu wa Giza. Utani huo ulipita kiasi. Baadhi ya lawama zilistahili kumwendea aliyeifunga swichi.

Klampu ya kale ni ukanda wa chuma unaozunguka bomba na kukazwa kwa skrubu. Kipimo cha kawaida cha bomba hilo kilikuwa inchi 7/8, yaani milimita 22.2, ingawa baadhi ya pikipiki zilikuwa na bomba la inchi moja, milimita 25.4. Bodaboda zinazojaa mitaa ya Isiolo nchini Kenya, nyingi zikiwa Boxer na TVS za asili ya India, zina bomba la milimita 22. Kwa hiyo klampu ya Lucas ya miaka ya 1950 inaweza kukaa sawasawa kwenye Boxer. Ile ya inchi moja haikazi mpaka iwekewe kipande cha kujaza pengo.

Kipande hicho kikiwa cha mpira, huleta shida yake. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, kitufe cha honi kilikuwa na waya mmoja tu, na umeme ulikamilisha mzunguko kwa kupitia klampu, bomba na fremu. Mpira ukiwekwa chini ya klampu, honi hunyamaza. Rangi nene au kutu hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana chuma hukwaruzwa hadi king'ae pale klampu inapokaa. Pikipiki nyingi za Uingereza za enzi hiyo zilifunga upande chanya wa betri kwenye fremu, kinyume na bodaboda za leo. Swichi ya kawaida haijali tofauti hiyo; taa za LED zinajali, na zikiunganishwa kinyume haziwaki.

Swichi ya kuzima injini ndiyo inayopotosha watu zaidi. Injini yenye magneto, yaani inayojitengenezea umeme wa cheche bila betri, huzimwa kwa kuunganisha waya wake na chuma cha pikipiki, hivyo swichi hufunga mzunguko. Injini inayotegemea betri na koili huzimwa kwa kukata umeme unaokwenda kwenye koili, hivyo swichi hufungua mzunguko. Bodaboda nazo hutofautiana: baadhi huzimwa kwa njia ya kwanza, nyingine kwa ya pili. Swichi ikihamishwa kutoka pikipiki moja hadi nyingine bila kukagua jambo hilo, injini inaweza kukataa kuwaka au kukataa kuzima.

Kiasi cha umeme nacho huamua maisha ya swichi. Taa ya wati 36 kwenye mfumo wa volti 6 huvuta ampea 6. Kwenye volti 12 huvuta 3. Ampea zikipungua nusu, joto kwenye kiungo kilekile hushuka hadi robo. Taa za ziada ambazo waendeshaji hupenda kufunga kwa safari za usiku kwenye barabara ya Archer's Post hurudisha mzigo ambao swichi ndogo haikutengenezewa. Dawa yake ni rilei: swichi huiamuru kwa umeme kidogo, nayo rilei hubeba mzigo wa taa, na fyuzi huwekwa karibu na betri.

Isiolo huongeza vumbi. Lami inayokwenda Moyale ikiachwa na kushika njia za udongo za Merti, vumbi laini huingia kila upenyo wa swichi, kisha mvua za Machi hadi Mei hulifanya tope. Kumwagia oili ndani ni kosa, kwani oili hunasa vumbi na kuwa uji unaosaga viungo. Swichi hufunguliwa, husafishwa ikakauka, kisha hupakwa grisi kidogo sana.

Wakati wa kufunga, betri hutenganishwa kwanza. Swichi huwekwa pale kidole gumba kinapoifikia bila kiganja kuachia mshiko. Swichi nyingi za kisasa zina kijino cha ndani kinachohitaji tundu kwenye bomba ili zisizunguke. Tundu dogo karibu na mshiko linavumilika. Karibu na katikati, bomba linapobanwa na kupinda zaidi, tundu linaweza kuwa mwanzo wa ufa. Wanaotunza pikipiki za kale huona afadhali kukikata kijino kwa tupa kuliko kutoboa usukani wa asili.

Nyaya hufungwa kwenye bomba, kisha huachiwa ulegevu zinapopita shingo ya usukani. Hatimaye injini huwashwa, gia ikiwa huru, na usukani hugeuzwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio wa injini ukipanda, kuna waya unaovuta kebo ya mafuta. Taa ikipepesa au honi ikilia yenyewe, kuna waya uliobanwa, na klampu hulegezwa kazi ianze upya.