Moshi mweusi ni mafuta yaliyopotea: kwa nini pikapu ya dizeli hukosa nguvu

Pikapu ya dizeli inapoanza kushindwa mlima iliokuwa ikiupanda bila taabu, na tangi linakauka kabla ya siku yake, wenye magari wengi huambiwa kwamba pampu au nozeli zimekufa. Mara nyingi sivyo. Kukosa nguvu na kula mafuta mengi kwa kawaida ni dalili mbili za ugonjwa mmoja: ama dizeli haiungui sawasawa, ama nguvu iliyopatikana inapotea kabla ya kufika barabarani.

Hasara hiyo haiishii mfukoni mwa dereva. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, kilichoko Edgbaston nchini Uingereza, walichunguza kumbukumbu za umbali ambao jicho liliweza kuona katika miji ya Addis Ababa, Kampala na Nairobi tangu mwaka 1974 hadi 2018. Hewa inapochafuka, umbali huo hupungua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalikadiria kuwa chembechembe chafu hewani ziliongezeka kwa asilimia 62 mjini Addis Ababa, 162 Kampala na 182 Nairobi.

Magari si chanzo pekee cha uchafu huo, lakini mchango wake hauwezi kupuuzwa. Mwezi Juni mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Rangi ya moshi

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haihitaji cheche ya plagi. Hewa hubanwa mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa ndani yake na kuwaka yenyewe. Hewa ikipungua, sehemu ya dizeli hugeuka masizi. Dereva hukanyaga zaidi ili kupata nguvu aliyoizoea, na mafuta yanazidi kwenda.

Kwa sababu hiyo, uchunguzi huanzia kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi humaanisha hewa ni haba au mafuta yamezidi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka, au maji ya rejeta yanayopenya ndani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ikiwa nguvu hakuna na moshi pia hauonekani, huenda dizeli yenyewe haifiki ya kutosha.

Anza na kilicho rahisi

Kabla ya kufungua chochote, pima. Jaza tangi, andika kilomita, tembea kama kawaida, kisha jaza tena. Gari lililokwenda kilomita 400 kwa lita 50 limetumia lita moja kwa kila kilomita 8. Bila hesabu hiyo hakuna awezaye kujua kama matengenezo yamesaidia.

Hatua ya pili ni chujio la hewa, ambalo katika barabara za vumbi huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoeleza. Fuata mipira inayopeleka hewa kutoka kwenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini. Mpira uliopasuka au klipu iliyolegea hutoa mlio wa upepo gari likivuta, na huleta moshi mweusi.

Kisha lije chujio la dizeli. Likiziba, gari huwa zuri kwenye tambarare lakini hufa nguvu mlimani. Maji yaliyojikusanya chini yake yamwagwe.

Usisahau magurudumu. Gurudumu lenye joto kupita mengine baada ya safari huashiria breki inayoshika. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha huongeza mzigo, na klachi inayoteleza hujulikana kwa mlio wa injini kupanda ilhali mwendo hauongezeki.

Hayo yote yakiwa salama, ndipo zamu ya nozeli, pampu na mbano wa injini inapofika. Kwa magari mapya, kompyuta isomwe kwanza, kwani kihisio kibovu au vali ya kurudisha moshi iliyojaa masizi huweza kuipunguzia injini nguvu.

Mafuta yenyewe

Tangu Januari 2015, nchi tano zilizokuwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Lakini dizeli safi bandarini inaweza kuchanganywa na mafuta ya taa njiani. Mafuta ya taa hayalainishi vyuma vya pampu na nozeli kama dizeli, hivyo huvila polepole. Tanzania ilianza kutia alama maalumu katika mafuta mwaka 2010, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, zote zikilenga kukomesha uchanganyaji huo. Ulaji ukibadilika ghafla baada ya kujaza kituo kipya, anzia hapo.

Gharama ya kupuuza

Mjini Birmingham, moshi una bei iliyoandikwa. Tangu Juni 2021, gari dogo la dizeli lisilofikia kiwango cha Ulaya cha Yuro 6 hutozwa pauni 8 kwa siku likiingia katikati ya jiji. Aidha, tangu Mei 2018, gari lililotengenezwa na chujio la masizi hushindwa ukaguzi wa mwaka likionekana kutoa moshi; kushindwa kwa sababu ya chujio hilo kung'olewa kulianza Februari 2014.

Wapo mafundi, kwingineko pia, wanaoling'oa kwa madai kwamba gari litapata nguvu. Chujio lililojaa kabla ya wakati ni dalili, na chanzo chake huwa kule kule: hewa, nozeli au vali. Mwenye gari anayo haki ya kumtaka fundi amwonyeshe sababu kabla ya kukubali kununua kifaa kipya.