Kiduha: Mbegu Inayonusa Mizizi

Ukimuuliza mkulima wa mahindi wa Kanda ya Ziwa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kilimvamia lini, atakutajia wiki kilipochomoza. Wakati huo kilikuwa kimekwisha kula shamba mwezi mzima. Jirani zetu Wajaluo hukiita kayongo.

Mbegu yake ni vumbi tupu. Zimimine kiganjani, ukipumua tu zimepeperuka. Kila moja ina urefu wa kama theluthi ya milimita. Humo ndani mna kiinitete na akiba ya chakula ya siku chache. Punje ya hindi huota gizani ikajilisha yenyewe mpaka majani yatoke juu. Kiduha hakina anasa hiyo. Kikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya, kimekufa. Basi hungoja, hata zaidi ya miaka 10.

Kwanza kinataka unyevu na joto kwa wiki moja au mbili, la sivyo mbegu haihisi kitu. Kisha hunusa. Mizizi ya mahindi, mtama na uwele huvujisha kemikali ziitwazo strigolaktoni, kiasi kidogo mno. Haivujishi kwa ajili ya adui, bali huwaita kuvu wanaoisaidia kupata fosforasi, na udongo ukichoka wito huzidi. Ndiyo sababu mojawapo ya kiduha kushamiri kwenye mashamba yaliyochakaa. La kushangaza ni kwamba strigolaktoni ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1966, ilitoka kwenye mizizi ya pamba, ambayo kiduha hakiwezi kuinyonya!

Ganda likipasuka, hutoka kimzizi cheupe cha milimita chache. Kikiukaribia mzizi wa mhindi, kemikali nyingine hukisimamisha: ncha inavimba, inaota vinyweleo vinavyonata, inageuka haustoria, yaani kiungo cha kunyonyea. Hicho hujipenyeza katikati ya seli mpaka kwenye mirija inayopandisha maji. Majani mawili ya kwanza hulivua ganda la mbegu baadaye, mezani pameshaandaliwa. Kuanzia hapo mche mweupe huishi ardhini wiki 4 hadi 7 kwa jasho la mwenzake, ndipo huchomoza na kuwa kijani. Mhindi wenyewe umekwisha dumaa, majani yamenyauka kana kwamba mvua haikunyesha.

Kwa hiyo kung'oa kiduha kinachochanua ni kazi ya kuokoa msimu ujao, maana mmea mmoja hudondosha mbegu kwa makumi ya maelfu. Mahindi ya mwaka huu hayaponi kwa kung'oa huko. Mimi navutiwa zaidi na hila ya desmodiamu, jamii ya kunde inayopandwa katikati ya mistari ya mahindi, ambayo watafiti wa kituo cha ICIPE waliifanyia kazi huko Mbita, Kenya. Mizizi yake hutoa kemikali za kuziamsha mbegu za kiduha, na nyingine za kukizuia kimzizi kisikue. Mbegu hupasuka, kimzizi hutoka, hakikuti pa kushika, na akiba ya siku chache imekwisha.