Mtoto Mkorofi Humkimbilia Nani?

Si ajabu kumsikia mzazi akinung'unika kwamba kijana wake amekuwa mwizi, mwongo au mgomvi, na kwamba si viboko wala nasaha zilizomfaa kitu. Majirani nao hawakosi la kusema: kadekezwa huyo, au karogwa, au ni damu ya upande wa baba yake. Kabla hujaungana nao, ndugu msomaji, jiulize swali ambalo ni nadra kuulizwa katika vikao vya ukoo: mtoto huyu akiogopa, humkimbilia nani?

Swali hilo ndilo kiini cha elimu ambayo tunaweza kuiita nadharia ya fungamano, yaani kile kifungo kimuunganishacho mtoto na mtu anayemlea. Mwasisi wake alikuwa daktari wa maradhi ya akili wa Uingereza, John Bowlby, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1990. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwa muda katika shule ya watoto watukutu, na huko wavulana wawili walimtia fikirani. Mmoja alikuwa amefukuzwa shule kwa wizi, naye hakuonekana kumpenda mtu yeyote. Mwingine alimwandama Bowlby kila aendako, hata akaitwa kivuli chake.

Baadaye, katika kliniki mjini London, Bowlby alichunguza watoto 44 wenye tabia ya wizi, akawalinganisha na wengine 44 walioletwa hapo kwa matatizo mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1944. Miongoni mwa wezi, 17 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wangali wadogo. Miongoni mwa wale wengine, 2 tu. Hesabu hiyo ni ndogo, wala haithibitishi kwamba kila atenganishwaye na mama yake ataiba. Ilichofanya ni kuwazoeza watu kutazama nyuma ya kosa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii, na yafaa ijulikane. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, ambaye alikuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Kampala. Akawa akizitembelea familia 26 za vijiji vya karibu, zenye watoto wachanga 28, akiketi na akina mama na kutazama. Aliona jambo ambalo pengine bibi zetu wangemweleza hata bila ya kuulizwa. Mtoto mwenye uhakika na mama yake hamng'ang'anii kutwa. Hutambaa akaenda zake, akageuka kuhakikisha kwamba mama yupo, kisha akaendelea na upelelezi wake. Akishtuka, hurudi upesi. Wale wasio na uhakika walilia sana, hata wakiwa wamepakatwa. Tena, akina mama walioweza kumsimulia kinaganaga habari za watoto wao ndio ambao aghalabu watoto wao walikuwa na utulivu. Kitabu chake juu ya hayo kilitoka mwaka 1967.

Alipohamia Baltimore, Marekani, Ainsworth alibuni jaribio la dakika 20 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja aliwekwa na mama yake katika chumba kigeni; mama akatoka kidogo, kisha akarudi. Kilichoangaliwa hasa ni kule kurudi. Wapo watoto waliomwendea mama, wakabembelezwa, wakarudia mchezo. Wapo waliomng'ang'ania huku wakimpiga mateke. Na wapo waliogeuza uso, wakaendelea kushika vitu vya kuchezea kana kwamba hakuna aliyeingia. Mtu angeweza kuwasifu hao wa mwisho kuwa ni wajasiri. Lakini watafiti waliopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, katika miaka ya 1970, waliyakuta yakienda mbio. Dhiki walikuwa nayo. Walikwisha kujifunza kuificha.

Sasa chukua mfano wa kijana wa miaka 14. Tangu mama yake afariki amepita kwa shangazi, akapita kwa babu, akapelekwa bweni, na sasa yuko nyumbani kwako. Unamkaripia, anakutazama kama ukuta. Unamnunulia shati, hasemi ahsante. Juma lijalo unakuta fedha za sokoni zimepungua. Rahisi kusema hana moyo. Lakini yawezekana kwamba maisha yamemfundisha kuwa watu wazima hawadumu, naye anakupima ajue wewe utachoka lini. Katika hali hiyo, kwa maoni yangu, hakuna neno baya kuliko lile tunalolitamka kwa wepesi: "Nitakurudisha kwenu!" Hapo umempa jibu alilolitazamia siku zote.

Haina maana kwamba asiadhibiwe. Alichoiba akirudishe, alichovunja akifidie kwa kazi ya mikono yake. Ila hasira iwe na mwisho, na mkubwa awe wa kwanza kusema naye baada ya ugomvi, kwa jambo dogo tu: chai iko tayari, njoo unisaidie kushika taa. Vijana wengi hawasemi wakiketishwa mbele ya baraza la wazee watano. Husema mkiwa bega kwa bega, mnachambua mchele au mnaziba pancha ya baiskeli, macho yakiwa kwenye kazi. Akianza, usimkatize kwa mawaidha.

Wala mzigo huu si wa mama peke yake, ijapokuwa wengi waliomsoma Bowlby walielewa hivyo, na akina mama wakalaumiwa kupita kiasi. Mwaka 1964 Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walichapisha uchunguzi wa watoto 60 wa Glasgow, na wengi wao walikuwa wamefungamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, bibi, hata ndugu mkubwa. Kwa hiyo mwalimu au mjomba aweza kuwa tegemeo, mradi adumu.

Je, wakati hupita? Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuata watoto wadogo 136 wa vituo vya kulelea watoto huko Bucharest, Romania, na nusu yao wakapelekwa kuishi na familia za malezi. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika kufungamana na walezi. Kuwahi ni bora, basi. Lakini kijana mkubwa hupona polepole, kwa miezi na miaka, na ajihadhari mzazi na wauza dawa ya haraka. Mwaka huohuo wa 2000, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 alikosa hewa akafa, akiwa amefungiwa ndani ya mablanketi katika kile kilichoitwa tiba ya fungamano.

Ikiwa hapana budi mtoto ahamie nyumba nyingine, aambiwe mapema siku ya safari na sababu yake, asiamshwe alfajiri na kupakiwa katika basi. Achukue kitu cha nyumbani, hata kama ni kanga kuukuu ya mama. Na ukimwahidi kwamba utampigia simu Jumamosi, ipige Jumamosi, hata kama huna habari mpya ya kumpa.