Kabla hujaongeza chumba Dodoma, soma hapa: si kila nyongeza inapandisha bei ya nyumba

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, wenye nyumba wengi wamekuwa wakiongeza: chumba uani, fremu mbele, masta pembeni. Wapangaji wapo, kwa hiyo inaonekana ni sawa. Lakini siku ukitaka kuuza, je, hela uliyotia itarudi?

Chukulia nyumba ya vyumba vitatu pale Nkuhungu. Mwenye nyumba anaunganisha chumba cha nne kwenye ukuta wa nyuma. Dirisha la chumba cha tatu sasa linatazama ndani ya chumba kipya, na kufika cha nne lazima upite cha tatu.

Dalali atatangaza vyumba vinne. Mnunuzi akiingia atahesabu vitatu, tena kimoja kina giza na hakina hewa. Mwenye nyumba kalipa fundi, saruji na bati, kumbe kaharibu kile alichokuwa nacho.

Mpangilio kwanza

Mnunuzi hanunui idadi ya vyumba tu. Anaangalia kama vyumba vya kulala vinafunguka kwenye korido au sebuleni mbele ya wageni, kama jiko lina mlango wa nje, na kama choo kinatazamana na meza ya chakula.

Ndiyo maana kugeuza stoo iliyopakana na chumba kikubwa iwe bafu na choo, upate masta, kunaweza kukulipa kuliko chumba kizima kipya. Na gharama huwa ndogo, maana kuta na paa tayari zipo.

Maji ni sehemu ya nyumba

Dodoma ni nusu kame. Mvua ni takribani milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na jiji limetegemea sana visima vya Makutupora. Simtank lililokaa kwenye mnara imara na mifereji ya kuvuna maji ya bati si mapambo. Mnunuzi anayejua mgao wa maji ataviulizia mapema.

Fremu na nyumba ya uani

Fremu inafaa kama nyumba iko barabarani penye wapita njia. Ndani ya mtaa tulivu inaweza kumfukuza mnunuzi mwenye familia, hasa ikimaliza sehemu ya kuegesha gari. Nyumba ya uani nayo inahesabika zaidi ikiwa na choo chake, luku yake na njia yake ya kutokea.

Usisahau karatasi

Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) iliyoanzishwa mwaka 1973 ilivunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikaenda halmashauri. Kwa hiyo kibali cha ujenzi unakiomba Halmashauri ya Jiji. Fremu kwenye kiwanja cha makazi inahitaji pia idhini ya kubadili matumizi ya ardhi. Mnunuzi wa mkopo huletewa mthamini na benki, na nyongeza isiyo na kibali au iliyovuka mpaka inaweza kukukwamisha hapo.

Kabla hujamwita fundi, chora nyumba yako kwenye daftari, uweke na hicho chumba kipya. Kisha tembea kwa kidole kutoka getini hadi kila kitanda. Ukilazimika kupita chumba cha mtu au kuziba dirisha, badilisha mchoro kwanza. Kufuta penseli ni bure, kubomoa ukuta utalipia.