Dalili za Hatari Mtandaoni: Kutambua Nia ya Kudhuru Kabla ya Shambulio

Tarehe 25 Agosti 2021, mtu mmoja mwenye silaha aliwaua askari polisi 3 na mlinzi 1 karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini Dar es Salaam, kisha naye akauawa. Baada ya uchunguzi, Jeshi la Polisi lilieleza kwamba alikuwa akifuatilia mafundisho ya itikadi kali mitandaoni.

Anayepanga kumshambulia mtu au kundi maalumu aghalabu huacha dalili. Mwaka 2012, mwanasaikolojia J. Reid Meloy na wenzake walibainisha mienendo 8 ya tahadhari. Minne kati yake huonekana upesi kwenye simu:

• Kuvujisha nia: kumdokezea mtu mwingine kwamba fulani atadhuriwa.
• Kung'ang'ania mtu au lalamiko moja kwa hasira inayozidi kukua.
• Kuwatukuza wauaji waliotangulia, au kujionyesha na silaha kama mpiganaji.
• Kuaga, au kudai kwamba hakuna njia nyingine iliyobaki.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Matusi na siasa kali si mpango wa kuua, na wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru yeyote. Kinachopimwa ni mabadiliko ya mtu, dalili kurundikana, na hatua za vitendo kama kutafuta silaha au kufuatilia nyendo za mlengwa.

Katika mji wa mpakani kama Holili, tishio lililoandikwa Taveta, ng'ambo ya pili, husomwa papo hapo. Mara nyingi mlengwa huwa mke aliyeondoka au jirani wa mgogoro wa shamba, na wa kwanza kujua ni ndugu, rafiki au muuguzi.

Mhudumu wa afya na aulize kwa utulivu: unafikiria kumdhuru mtu? Nani? Umejiandaa vipi? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Ndugu na autunze ujumbe bila kuusambaza kwenye makundi wala kubishana na mwandishi wake. Hatari ikiwa karibu, ipigwe simu 112. Vitisho vya nyumbani vifikishwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Pasipo hatari ya papo hapo, mhusika apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Siri ya mgonjwa ni amana. Lakini uhai wa mtu anayejulikana ukiwa hatarini, mhudumu amshirikishe kiongozi wake bila kuchelewa, na kutoa taarifa zile tu zinazohitajika kumlinda. Taarifa ya mapema humwokoa mlengwa, na humwokoa pia aliyekuwa akielekea kuua.