Raha ya Kahawa Chungu Barazani

Wako watu ambao raha kwao ni mpaka wasafiri. Yangu mimi hainigharimu hata nauli. Baada ya alasiri hapa Mji wa Kale, Mombasa, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba, makaa yakiwaka chini, huku akigonganisha vikombe mkononi. Hana haja ya kuita.

Kahawa yenyewe haina sukari wala maziwa. Imetiwa tangawizi na iliki. Utamu, msomaji, utautafuta kwenye kashata. (Ajabu ni kwamba mibuni ilipandwa Bura, kule Taita, tangu 1893, lakini Wakenya wengi tungali watu wa chai!) Kikombe hakina mkono na kahawa ni moto, kwa hivyo hunyweka kwa mafunda madogo madogo. Ndipo mazungumzo hurefuka.

Barazani petu tuko wanne. Mmoja ni fundi cherehani. Mitumba ilipomnyang'anya wateja, alianza kupitia uchochoro wa nyuma ili tusimwone. Aliona haya kunywa vya wenzake kila siku. Hakuna aliyemtajia pesa. Mkubwa wetu alimfuata hadi mlangoni, akamwambia, "Ndugu yangu, dhumna ni mchezo wa wanne. Watuacha tukae kama mayatima?"

Alikuja, akanuna kidogo, kisha akatufunga mara tatu mfululizo. Siku hizi hushona sare za shule. Ijumaa iliyopita kashata alinunua yeye, na akakataa katakata kupokea chenji yetu.